Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua: yapasayo kujulikana nyumbani na kituoni



Kila mama anayejifungua hutoka damu. Swali ni kiasi gani, na kwa muda gani. Mimba inapokaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu huweza kupita katika mji wa mimba kila dakika ili kumlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo hilo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe. Nyuzi zake zimepishana kama kindu za mkeka, na zinapojikaza huiminya mishipa hiyo mpaka damu ikome. Mkunga anapoweka mkono chini ya kitovu cha mzazi anatafuta jambo moja tu: kama pale ndani pamekuwa pagumu kama chungwa bichi, au pamelegea kama unga uliokandwa. Palipolegea, damu inaendelea kutoka hata kama bado haijaonekana nje.

Kulegea huko ndicho chanzo cha visa takribani saba katika kila kumi. Vingine hutokana na vipande vya kondo vilivyobaki ndani, kuchanika kwa njia ya uzazi, au damu kushindwa kuganda. Mimba ya pacha, mtoto mkubwa, uchungu wa muda mrefu na uzazi wa mara nyingi huongeza hatari. Hata hivyo, akina mama wengi wanaopatwa na janga hili hawakuwa na dalili yoyote ya awali. Mama aliyejifungua salama mara mbili hajapewa dhamana ya mara ya tatu, na hoja ya kwamba “huyu ni mzoefu, atajifungulia nyumbani” haina msingi.

Lipo jambo linalostahili kusemwa waziwazi mbele ya wazee. Katika jamii nyingi huaminika kwamba damu inayotoka baada ya uzazi ni damu chafu iliyokusanyika miezi tisa, na kwamba ikitoka kwa wingi mama anasafishika. Imani hiyo imejengwa juu ya ukweli mdogo, kwa kuwa ni kweli kwamba mzazi hutoka damu kwa siku kadhaa na haipaswi kuzuiwa. Lakini damu inayobubujika saa ya kwanza si uchafu. Ni ileile inayopeleka uhai kwenye moyo na ubongo, na mwenye afya njema aweza kuimaliza ndani ya saa chache. Familia inayosubiri mama “asafishike” inapoteza muda ambao hakuna daktari awezaye kuurudisha.

Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika ni nusu lita, yaani ujazo wa chupa ndogo ya maji ya kunywa, ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inamtaka mhudumu aanze tiba mapema zaidi: mililita 300 zinatosha iwapo mapigo ya moyo au shinikizo la damu limeanza kuyumba. Tatizo ni kwamba jicho hudanganya. Damu iliyonywewa na khanga, iliyomwagika sakafuni au iliyochanganyika na maji ya uzazi haikadiriki, na makadirio mara nyingi huwa chini ya ukweli.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana, pamoja na kwingine, hapa nchini. Utafiti ujulikanao kwa jina la E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukiwahusisha akina mama zaidi ya 210,000. Katika nusu ya hospitali hizo, mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo uliwekwa chini ya kila mzazi ili damu yote iingie humo na isomwe. Alama ya hatari ilipofikiwa, wahudumu walitoa tiba zote kwa pamoja: kuukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza na za kugandisha damu, dripu, kisha uchunguzi wa chanzo. Hawakujaribu moja na kungoja matokeo yake ndipo waende ya pili. Hospitali zilizofuata utaratibu huo zilitambua visa 93 katika kila 100, ilhali nyingine zilitambua takribani nusu tu. Akina mama waliopoteza damu nyingi mno, kupasuliwa tumbo au kufariki kwa ajili hiyo walipungua kwa asilimia 60. Kilicholeta tofauti hiyo ni mfuko wa plastiki na utaratibu wa kazi, vitu ambavyo bajeti ya zahanati yaweza kuvibeba.

Dawa kuu ya kuukaza mji wa mimba ni oksitosini, ambayo kila mzazi hustahili kuchomwa mara tu mtoto atokapo, hata kabla damu haijazidi. Dawa hii huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa kabatini wakati wa joto hupungua nguvu pasipo kubadilika rangi wala harufu, na mhudumu huchoma sindano akiamini ametibu. Zahanati nyingi zina jokofu moja tu, la chanjo, na oksitosini hubaki nje kwa hofu ya kuvunja kanuni. Hofu hiyo haina sababu tena, kwani mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekwisha kushauri kwamba dawa hii ihifadhiwe pamoja na chanjo. Kamati za usimamizi wa vituo zina haki ya kuuliza, tena kwa kufungua jokofu na kutazama. Mahali pasipo na ubaridi kabisa vipo vidonge vya misoprostoli. Asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda, hufaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na kila robo saa inayopita hupunguza manufaa yake.

Vifo vya uzazi nchini vimeshuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Baadhi ya vilivyobaki hutokea njiani, kati ya kitongoji na mahali penye damu na chumba cha upasuaji. Zahanati haina huduma hizo mbili. Inaweza kumtuliza mama na kumsafirisha, basi. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo. Mpokeaji hupanga gari la wagonjwa, na lisipokuwa karibu humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo wala si na familia. Hakuna sababu ya mama kulala zahanati kwa kuwa mume yuko safarini na hakuna wa kutoa nauli au ruhusa.

Damu ya kuongezewa haitengenezwi kiwandani. Mtu mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Mama naye hujiwekea akiba yake mapema kwa kuhudhuria kliniki kabla ya wiki ya 12, kumeza vidonge vya kuongeza damu na kujikinga na malaria. Aliyeingia leba akiwa na upungufu wa damu huanguka kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili.

Hatari haiishii mlango wa wodi. Kwa kawaida damu ya uzazi huwa nyekundu siku tatu au nne, kisha hufifia, na huisha kabla au karibu na arobaini. Ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, ikilowanisha pedi au kitambaa kizima ndani ya saa moja, ikitoka na mabonge makubwa au harufu mbaya, au mama akiona kizunguzungu, baridi na mapigo ya moyo kwenda mbio, arejeshwe kituoni saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kukandwa kwa maji ya moto hakutoi kipande cha kondo kilichobaki ndani.

Kila Serikali ya Kijiji inaombwa kubandika ofisini namba 115 pamoja na majina ya madereva wa jamii waliosajiliwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wahakikishe kwamba kila kaya yenye mjamzito aliyefikisha miezi saba imekwisha kuamua nani atamsindikiza, nani atachangia damu, na nani atabaki na watoto.