Kabla hujanunua mtambo, uliza unazungumza lugha ya nani

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanzoni litaonekana kuwa ni la mafundi peke yao, lakini mwisho wake linafika mpaka kwenye msiba wa mtu na kwenye bajeti ya halmashauri. Jambo lenyewe ni vifaa vya mawasiliano ambavyo havikubali kuzungumza na kifaa kingine chochote isipokuwa kile kilichotoka katika kiwanda kimoja navyo.

Nianze na kisa kilichonipata mwenyewe hapa Mpanda. Studio niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa mjini, na mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa juu ya kilima nje ya mji. Kati ya studio na kilima hapakuwa na waya. Sauti ilisafiri kwa madishi mawili madogo yaliyotazamana, moja juu ya paa la studio na jingine kwenye mnara kule kilimani. Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga dishi la kilimani, likafa.

Fundi wetu alizunguka madukani, akabahatika kupata dishi jingine. Lilikuwa la kampuni tofauti, lakini tulisoma maandishi ya kwenye boksi tukaridhika: masafa yale yale ya gigahezi 5, umbali ule ule, umeme ule ule. Tukalipa na kumshukuru Mungu. Fundi akapanda mnarani, akalifunga, akaligeuza taratibu mpaka likaelekea mjini. Taa zote zikawaka. Lakini sauti haikupita. Alihangaika mpaka jua likazama, kisha akashuka, akaniambia: "Mzee, haya madishi yanaonana, lakini hayasalimiani."

Kwa siku sita vipindi vyetu vilirekodiwa kwenye flashi na kupelekwa kilimani kwa bodaboda. Taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi ilisikika saa nne. Siku ya pili alikuja mama mmoja kutoka Makanyagio na tangazo la kifo cha kaka yake. Jamaa zao wengine wanaishi vijiji vya ndani huko Katumba, ambako ili simu ishike inabidi upande juu ya kichuguu. Alilipia tangazo lisomwe saa saba mchana, maana mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Siku hiyo bodaboda ilipata pancha njiani, na flashi ilifika kilimani jioni sana. Wale jamaa hawakuwahi kuzika. Mama yule hakutugombeza. Alirudi kuchukua fedha yake tu, akasema, "Haya mwanangu, ndiyo imekwisha kuwa."

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu mara nyingi tunapoambiwa habari za mitambo tunadhani kosa likitokea basi wanaoumia ni mitambo yenyewe. Hapana. Anayeumia ni yule aliyekuwa akiitegemea.

Sasa, kwa nini madishi mawili yenye masafa yale yale yashindwe kusikilizana? Jibu ni kwamba mitambo, kama watu, haiwezi kuelewana kwa kusikia sauti tu. Inahitaji lugha. Lugha hiyo wataalamu huiita itifaki. Ndiyo inayoamua nani aanze kusema, nani angoje, na neno likipotea njiani lirudiwe vipi. Zipo itifaki za wote, yaani zimeandikwa na kuchapishwa, na kiwanda chochote kinaweza kuzifuata. Na zipo itifaki za mwenyewe, ambazo kiwanda kimoja kimezibuni na kuzificha, na vifaa vya mwingine havizijui.

Mfano wa itifaki ya wote ni Wi-Fi tuliyoizoea. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997 na chama cha kimataifa cha wahandisi kiitwacho IEEE. Ndiyo maana simu iliyotengenezwa China na kompyuta ya kampuni ya Marekani zinaweza kukaa kwenye Wi-Fi moja bila ugomvi. Hata intaneti yenyewe ilizaliwa hivyo. Katika miaka ya 1970 kila kampuni kubwa ya kompyuta ilikuwa na lugha yake. IBM walikuwa na SNA na Digital walikuwa na DECnet, na mteja aliyeanza na kampuni moja alijikuta amefunga nayo ndoa. Lakini mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mpango wa lugha ambayo mitandao ya kila aina ingeweza kuielewa. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi kwenye lugha iliyotokana na mpango huo, iitwayo TCP/IP. Hiyo ndiyo lugha inayotumika mpaka leo kila unapofungua ujumbe kwenye simu yako.

Tuwatendee haki wenye viwanda. Si kila anayebuni lugha yake anafanya hivyo kwa roho mbaya. Wi-Fi ya kawaida ilikusudiwa nyumba na ofisi. Ndani yake kila kifaa husikiliza kwanza kama hewa imetulia, ndipo huzungumza. Lakini ukiweka mnara mmoja unaohudumia madishi mengi yaliyo mbali mbali, madishi hayo hayasikii wenzao, basi yanazungumza kwa pamoja na maneno yanagongana. Kwa hiyo viwanda vikabuni utaratibu wa zamu: mnara unaligawia kila dishi sehemu yake ya sekunde. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri. Taabu ni kwamba kila kiwanda kimegawa zamu kwa namna yake, na hakuna anayemfundisha mwenzake. Kinachoanza kama ufundi kinaishia kuwa kufuli, na ufunguo hubaki kwa muuzaji.

Watu wa Mpanda hatuna haja ya kwenda mbali ili kuelewa uzito wa jambo hili, maana mfano tunao hapa hapa stesheni. Reli yetu kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Mwenye shughuli alikwenda zake, lakini reli ikabaki na ikaendelea kutufaa. Kwa nini? Kwa sababu ilijengwa kwa upana wa mita moja, sawasawa na Reli ya Kati. Behewa likipakiwa mahindi Mpanda linaweza kwenda mpaka Dar es Salaam bila kupakuliwa njiani. Laiti wenye mgodi wangechagua kijireli chembamba cha kwao peke yao, kama yalivyofanya mashamba na migodi mingi duniani, siku mgodi ulipofungwa tungebaki na chuma chakavu.

Hebu tuendelee kidogo na reli. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, kwa upana wa mita moja. Waingereza nao walikuwa wamejenga ya kwao kutoka Mombasa, kwa upana huo huo. Mwaka huo huo wa 1914 wakaanza kupigana. Katikati ya vita Waingereza walijenga kipande kutoka Voi wakakiunganisha na reli ya Wajerumani ya Moshi, na treni zikapita. Watu walikuwa maadui, lakini reli zao zilikuwa zinaelewana.

Sasa linganisha na TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urafiki mkubwa wa Tanzania, Zambia na China. Upana wake ni milimita 1,067, kwa kuwa ilipaswa kuungana na reli za Zambia na nchi za kusini. Sababu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo tofauti yake na Reli ya Kati ni milimita 67 tu, upana wa vidole vinne hivi, na kwa vidole vinne hivyo mizigo inabidi ihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine. Kituo cha kazi hiyo kipo Kidatu tangu mwaka 1998. Na reli mpya ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai 2024, ina upana wa milimita 1,435. Huo ndio upana unaotumika zaidi duniani. Lakini behewa letu la Mpanda haliwezi kupita juu yake.

Ninachotaka kusema ni hiki: upana wa reli huamuliwa siku moja, mezani, na watu wachache. Wanaolipia uamuzi huo hulipa kwa miaka mia. Na itifaki ya mtambo ni kama upana wa reli.

Labda utasema mambo haya ni ya wakubwa, na sisi wanunuzi hatuna nguvu. Sikubaliani nawe. Kumbuka fedha za kwenye simu. Ulikuwepo wakati ambapo mwenye Tigo Pesa hakuweza kumtumia mwenye M-Pesa fedha ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake ya simu. Watu walitembea na laini tatu mfukoni. Mwaka 2014 Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, pamoja na Airtel na Zantel walikubaliana kupitishiana fedha, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Hakuna kampuni iliyokufa kwa sababu hiyo. Aliyepumzika ni mama wa sokoni.

Au chukua mita za LUKU. Mita zinatoka viwanda mbalimbali, lakini unapoandika tarakimu zako 20 umeme unaingia, kwa sababu viwanda hivyo vinafuata kanuni moja ya kimataifa. Ni kweli kwamba hata kanuni ya wote ina gharama zake. Mwaka 2024 wateja walilazimika kuingiza tarakimu za ziada ili mita zao ziendelee kupokea umeme baada ya tarehe 24 Novemba, na wengi walinung'unika. Lakini usumbufu ule ulikuwa wa dakika chache, na mita ile ile iliendelea kutumika. Hakuna aliyeambiwa atupe mita yake kwa kuwa kiwanda kimebadili mawazo.

Basi tufanye nini? Mimi si mhandisi, lakini radi ile imenifundisha maswali matatu ya kumuuliza muuzaji. La kwanza: kifaa hiki kinaweza kuzungumza na kifaa cha kampuni nyingine, na je, uko tayari kunionyesha hapa dukani kabla sijalipa? La pili: kama kina lugha yake, kinaweza kurudishwa kwenye lugha ya kawaida siku ya shida? Baadhi ya vifaa vinaweza, hata kama kasi itapungua, na redio inayosikika kwa shida ni afadhali kuliko redio iliyonyamaza. La tatu: kikiharibika, cha kufanana nacho nitakipata wapi, na kwa miaka mingapi? Kama majibu yote matatu ni hasara, na bado unakitaka kwa sababu ya uzuri wake, basi nunua vitatu badala ya viwili, na cha tatu ukifungie kabatini. Hiyo ndiyo bei yake halisi.

Kwa ndugu zetu wanaoandika zabuni za shule, hospitali na halmashauri, ombi langu ni moja. Andikeni lugha mnayotaka mtambo uzungumze, msiandike jina la kiwanda. Ukiandika jina la kiwanda umeshaamua nani atakuuzia leo, kesho na mtondogoo. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi tulio pembezoni. Mtu wa Kariakoo kifaa chake kikifa huvuka barabara akanunua kingine. Sisi wa Mpanda tuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kariakoo, na wakati wa mvua barabara nayo ina maamuzi yake.

Nimalizie kile kisa. Tulipopiga simu Dar es Salaam kuagiza dishi la aina ile ile iliyoungua, tuliambiwa kiwanda kimeacha kulitengeneza. Lipo la toleo jipya, la kiwanda kile kile. Tukauliza kama litasikilizana na lile zima lililobaki kwenye paa la studio. Jibu likawa: halitasikilizana nalo. Kwa hiyo tulinunua mawili mapya, na lile zima, lisilo na kosa lolote, likashushwa. Mara ya mwisho nilipopita pale nilikuta kuku wa mlinzi wananywea maji ndani yake.

Kila nikiliona dishi lile namkumbuka yule mama wa Makanyagio. Dishi lake lilikuwa zima. Tangazo lake lilikuwa limelipiwa. Kilichokosekana ni sisi kuuliza swali moja dukani, siku ile ya kwanza tuliponunua yale mawili.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane tena wiki ijayo.