SANDA TUNACHANGA, DAWA JE?



Nazungumza na ninyi mliopo Kariakoo, Tandika, Buguruni na Gongo la Mboto, ambao dingi au bi mkubwa kabaki Mzenga na habari zimekufikieni kuwa ini limekwisha. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, macho yamekuwa ya manjano, na siku nyingine anasahau hata majina ya wanawe. Kijijini wanasema karogwa. Hakurogwa. Ini limejaa makovu, na sababu kubwa zinajulikana: virusi vya homa ya ini B na C, na pombe ya miaka mingi.

Habari kama hizo zikifika mjini, kila mtu huuliza: nani ana hela? Mimi nasema tuanze na swali jingine: mzee ana haki gani?

Mwaka 1993 serikali ilipoanza kuwatoza wananchi katika hospitali zake, kwa jina zuri la uchangiaji, iliweka pia msamaha kwa asiye na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zikasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Maandishi yapo. Tatizo ni kwamba mlalahoi hayajui, na asiyejua haambiwi. Anafika dirishani, anatajiwa bei, anarudi kuuza mbuzi.

Kwa hiyo fuateni njia. Kwanza, barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya mzee. Pili, nendeni nayo kwa Afisa Ustawi wa Jamii pale wilayani Kisarawe. Tatu, rufaa ya maandishi kila hatua: zahanati, hospitali ya wilaya, Tumbi kule Kibaha, kisha Muhimbili. Anayeruka ngazi huweza kupoteza msamaha na bima kwa pamoja. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni hapo siku ya kwanza ya kulazwa, msisubiri siku ya kuruhusiwa wakati deni limeshapanda.

Bima nayo ijulikane mipaka yake. CHF iliposukwa upya mwaka 2018, kaya ya watu 6 mikoani ililipa Sh 30,000 kwa mwaka, lakini kadi ile ilikomea hospitali ya mkoa. Wengi waliligundua hilo wakiwa mlangoni Muhimbili. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake umo mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Basi simameni katika mkutano wa kijiji muulize: nani ameorodheshwa, na orodha iliandikwa na nani? Orodha ya makabwela isigeuke orodha ya shemeji za wakubwa. Kuuliza si uchochezi, ni haki.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Mzee akifariki leo, kesho basi limekodiwa, turubai limefungwa, sufuria za pilau zinachemka, na daftari la rambirambi limejaa. Fedha zile zilikuwa wapi alipokuwa anahitaji nauli ya kliniki? Watoto 6 wakitoa Sh 10,000 kila mwezi ni Sh 60,000. Si mali nyingi, lakini ni nauli, vipimo na dawa zinazokosekana dirishani. Chagueni mtunza fedha mmoja, daftari liwe wazi kwa wote. Na yule dada anayemwogesha na kumlisha mzee usiku na mchana naye ale katika mchango huo. Msimwachie mzigo kwa sababu tu ni mwanamke.

Tengeni fedha ya gari la dharura isiyoguswa. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa au akipata homa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Anayetapika damu huhitaji kuongezewa damu, hivyo jiandaeni mapema ndugu wa kuchangia.

Nyumbani punguzeni chumvi. Pombe iwe mwiko. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani asipewe, zinaweza kumwaga damu na kuua figo. Asinyimwe samaki wala maharage, maana mwili wake unakonda, na apate uji kabla ya kulala. Mitishamba ya kunywa mwachieni anayeiuza.

Kabla hamjauza shamba la mikorosho, mwulizeni daktari waziwazi: matibabu haya yatabadili nini? Kupandikizwa ini nje ya nchi kunadai mamilioni kwa mamilioni, mtu wa kujitolea kipande cha ini lake, na dawa za maisha. Daktari akisema hakuna tena cha kuponya, ombeni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kutoa maji tumboni, kumpa mzee usingizi. Huko si kumtelekeza.

Mwisho, ninyi wenyewe. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni kwa utaratibu huo, na wengi wenu ni wa rika hilo. Kama mzee ana virusi hivyo, pimeni nyumba nzima. Aliye salama apate chanjo, sindano tatu. Aliye navyo afuatwe na daktari. Dawa ipo, tenofovia, ile ile iliyomo katika vidonge vya kufubaza VVU, na huweza kulizuia ini lisifike alikofika mzee.

Jumapili hii kutaneni, muandike majina na kiasi cha kila mmoja. Jumatatu mmoja wenu apande gari la Mzenga kuifuata ile barua ya mtendaji.