Jina la Lumumba Huko Moscow



Mwaka 1960 Warusi walifungua chuo kikuu Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Lumumba alipouawa mwaka 1961, wakakipa jina lake. Mwaka 1992, Muungano wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika, jina likaondolewa. Mwaka 2023 likarudishwa. Hapo mimi nasita. Heshima gani hii, ya kuvaliwa na kuvuliwa kama kanzu ya sikukuu?

Afadhali waandishi wao. Pushkin, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, hakuuficha ukoo huo. Alianza hata kuuandikia riwaya. Na Gogol tumemsoma kwa Kiswahili. Yule mkaguzi wake wa uongo tulimtambua mara moja, kana kwamba ameshuka garimoshi stesheni yetu hapa.