Kijana Aliyenyamaza Aulizwe

Maongezi kwa walimu na watumishi wa umma, Kongwa



Kongwa yaijua hasara ya kutouliza. Mwaka 1947 Waingereza waliingia hapa na matrekta kulima karanga, wakaifyeka nyika kabla ya kuchunguza vya kutosha mvua yake na udongo wake. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Fedha huweza kutafutwa tena. Mtoto aliyepotea kwa kutoulizwa hapatikani tena.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua ulimwenguni. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo vyote hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi wanaodai kwamba hayo ni maradhi ya mataifa tajiri wanakosea sana.

Chanzo aghalabu si kimoja. Msiba, ukatili wa nyumbani, mimba, ulevi, ugonjwa wa sonona na aibu ya kushindwa mtihani huweza kumlemea kijana kwa pamoja. Watu huulaumu mtihani kwa sababu ndio ulioonekana, ilhali mzigo ulianza zamani. Dalili nazo huwapo: mwanafunzi hodari aanza kutoroka, mchangamfu ajitenga, mwingine agawa vitu avipendavyo, au asema kuwa amekuwa mzigo kwa jamaa zake. Hapo mwalimu asikimbilie fimbo, wala asimwite mvivu.

Ipo hofu kwamba kumwuliza kijana habari za kujiua ni kumfundisha. Hofu hiyo haina msingi. Utafiti umeonyesha kuwa swali la wazi halipandi wazo hilo, bali huweza kumpunguzia mtu mzigo. Aulizwe faraghani: “Mwanangu, umepata kufikiri kujiua?” Kisha asikilizwe bila kukemewa.

Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, wala asiahidiwe siri katika jambo la uhai wake. Aitwe mzazi au mlezi ambaye si yeye aliyesababisha madhila. Dawa za kuulia wadudu na vitu vingine vya hatari vifungiwe mbali, kwa kuwa saa ya hatari kubwa mara nyingi ni fupi, na akivushwa salama huweza kuokoka. Apelekwe hospitali ya wilaya, na ikibidi Mirembe, Dodoma. Kwenda Mirembe si fedheha. Ni hospitali kama nyingine, na sonona ni ugonjwa unaotibika.

Kuna kikwazo cha sheria pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara hulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake, jamaa huogopa polisi, wakamficha mgonjwa aliyestahili kuonwa na daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha namna hiyo chapingana na Katiba ya nchi hiyo. Suala hilo lastahili kujadiliwa Tanzania nako.

Hata hivyo, shule haina haja ya kungoja sheria ibadilike. Kila mkuu wa shule aweza kumpa mwalimu wa ushauri nasaha chumba cha faragha na saa maalumu ndani ya ratiba. Afisa elimu aweza kuuliza, kila afanyapo ukaguzi, kama saa hiyo inatumika. Daftari la mahudhurio huitwa kila asubuhi ili ijulikane nani hayupo. Hapana budi ijulikane pia ni nani aliyeitika akiwa amekata tamaa.