Tuzo ya Mtunzi Apewe Aliyetunga

Msikilizaji, Tuzo za Muziki Tanzania, zile tulizozizoea kwa jina la Kili, zilianza mwaka 1999, zikalala baada ya 2015, zikaamka 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Zikikaribia tu, vijiwe vya Temeke na Kinondoni hushikana mashati juu ya mwimbaji bora. Mtunzi bora? Enzi za Kili alikuwa na kipengele chake, lakini muulize shabiki, atakutajia mwimbaji yule yule.

Wapo wanaojitungia, sikatai. Ila ingia studio za uani kule Tandika au Mbagala. Kijana kakalia ndoo iliyopinduliwa, biti inajirudia, anaandika mistari kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Anaimba kiitikio kwa sauti yake ya kukwaruza, anamrushia nyota kwa WhatsApp ajifunze. Analipwa mkononi, mara moja, bila karatasi. Wimbo ukibamba, anausikia kwenye daladala, naye kalipa nauli.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mtunzi. Januari 2022 COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300. Huyu wa kwenye ndoo, jina lake halijaandikwa popote, angedai kwa ushahidi gani?

Mtunzi anayejulikana husahaulika kwa shida. Mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala alikuja kutoka Kongo, akaweka makazi Sinza. Alitunga wimbo Mambo kwa Soksi akiwahimiza wanaume watumie kondomu, wakati UKIMWI hautajwi ila kwa mafumbo. Redio Tanzania haikuupiga. Watu wakaufuata kwenye kaseti na kumbi za dansi. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo ukishuka Sinza unashukia "kwa Remmy". Hakuna kamati iliyokaa kupitisha jina hilo. Tena sauti tamu kumzidi zilikuwapo tele mjini. Watu walishika maneno yake.

Kwa hiyo BASATA, majaji wa kipengele cha mtunzi wapewe mashairi yaliyochapwa, wayasome kabla hawajasikia sauti wala kujua ni ya nani. Fomu isainiwe na aliyeandika. Nasi watangazaji, tukitaja mwimbaji na prodyuza, pumzi ya kumtaja mtunzi haitatuishia.

Mameneja watalalamika kwamba wasanii wao wataumbuka. Wachache wataumbuka kweli. Waliobaki watajifunza kusainishana mkataba kabla wimbo haujaingia studio.