Mkulima aliyevishwa sare baada ya kufa

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikoma tarehe 11 Novemba mwaka 1918. Siku 18 baadaye, tarehe 29 ya mwezi huohuo, kijana mmoja mkulima aliyeitwa Joseph Hofer alifariki dunia katika gereza la kijeshi la Fort Leavenworth, jimboni Kansas nchini Marekani. Hakuwa ameiba wala kuua. Kosa lake lilikuwa kukataa kuvaa sare ya jeshi na kutii amri za jeshi. Kaka yake, Michael, alimfuata kaburini siku chache baadaye.

Msikilizaji, ili kuelewa kwa nini mkulima akubali kufa kwa ajili ya vazi, yafaa kwanza kuwafahamu watu wake.

Joseph alikuwa wa jamii ya Wahutterite, ambao ni ndugu wa karibu wa Wamennonite. Makundi yote mawili yalichipuka katika vuguvugu moja la kidini lililoanza Zurich, Uswisi, mwaka 1525. Wafuasi wake walishikilia kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, na kwamba Mkristo hashiki silaha dhidi ya binadamu mwenzake. Wahutterite walichukua jina la Jakob Hutter, aliyechomwa moto mjini Innsbruck mwaka 1536. Wamennonite walichukua jina la Menno Simons, padri aliyeacha upadri katika mwaka huohuo. Jina la Wamennonite si geni Afrika Mashariki: wamisionari wao kutoka Pennsylvania walifika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934, na Kanisa la Mennonite Tanzania lipo hadi leo.

Tofauti kubwa baina ya ndugu hao ni mali. Mmennonite humiliki shamba lake mwenyewe, ilhali Wahutterite humiliki kila kitu kwa pamoja. Ardhi ni ya wote, mifugo ni ya wote, na chakula huliwa katika ukumbi mmoja. Mababu zao walihama nchi moja hadi nyingine wakikimbia mateso. Mwaka 1874 walianza kuondoka Urusi, baada ya nchi hiyo kuleta utumishi wa jeshi wa lazima, wakahamia katika nyika za Dakota. Huko walilima, wakafuga, na kuendelea kuzungumza Kijerumani chao cha kale.

Joseph aliishi katika jumuiya ya Rockport, kando ya Mto James, katika jimbo la South Dakota. Alikuwa na mke, Maria, na watoto. Maisha yake yalifuata majira: kupanda, kuvuna, kutunza mifugo wakati wa baridi kali, na sala kila jioni.

Marekani ilipoingia vitani mwezi Aprili 1917, mambo yalibadilika. Watu wanaozungumza Kijerumani walianza kutazamwa kama maadui. Wahutterite walipokataa kununua hati za mkopo wa vita, baadhi ya majirani walivamia jumuiya ya Jamesville wakachukua ng'ombe 100 na kondoo 1,000, wakawauza. Haikuwa chuki tupu. Katika nyumba nyingi za wilaya hizo kulikuwa na mzazi ambaye mwanawe alikuwa akipigana Ufaransa, naye aliona uchungu kwamba mtoto wa jirani amebaki shambani.

Sheria ya kuandikisha askari ya mwaka 1917 iliwatambua waumini wa makanisa yanayopinga vita. Lakini msamaha wake ulikuwa nusu. Iliwaondolea bunduki bila kuwaondolea jeshi: walitakiwa kwenda kambini na kufanya kazi nyingine chini ya makamanda. Kwa Mhutterite, aliyepika chakula cha askari na aliyefyatua risasi walikuwa katika kazi moja.

Mwezi Mei 1918 Joseph aliitwa pamoja na ndugu zake Michael na David, na shemeji yao Jacob Wipf. Ndani ya treni vijana wengine waliwakamata kwa nguvu wakawakata ndevu na nywele. Walipofika Camp Lewis, jimboni Washington, walikataa kupanga mstari, kutia saini karatasi na kuvaa sare. Mwezi Juni mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha miaka 20.

Walipelekwa kisiwa cha Alcatraz, katika ghuba ya San Francisco, ambacho wakati huo kilikuwa gereza la jeshi. Huko waliingizwa katika vyumba vya chini, vyenye giza na unyevu. Sare ziliwekwa sakafuni mbele yao. Hawakuzigusa, wakakaa na nguo za ndani tu. Kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe, walilala juu ya sakafu bila blanketi, na walifungwa mikono juu kwenye nondo. Wahenga wamesema, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Vita vilipokwisha, wangeweza kurejeshwa kwao. Badala yake, katikati ya Novemba walisafirishwa wakiwa na minyororo hadi Fort Leavenworth. Simulizi za jamaa zao zinasema walifika usiku, wakatembezwa hadi gerezani huku wakitoka jasho, kisha wakasimamishwa nje kwenye baridi. Joseph na Michael waliugua vifuani wakapelekwa hospitali ya gereza.

Wake zao waliarifiwa, wakasafiri haraka. Walipofika, waume zao hawakuwa tena na nguvu ya kuzungumza. Asubuhi Joseph alikuwa amefariki. Inasimuliwa kwamba mlinzi alimzuia Maria, naye akasihi hadi kwa mkuu wa gereza, akaruhusiwa kumwona mumewe kwa mara ya mwisho. Jeneza lilipofunguliwa, alimkuta Joseph amevishwa sare ya jeshi. Vazi alilolikataa kwa miezi sita akiwa hai, alivikwa siku ambayo hakuweza tena kusema hapana.

Jeshi lilisema kwamba ndugu hao waliuawa na homa ya mapafu. Huo ulikuwa mwaka wa mafua makubwa yaliyoua mamilioni ya watu duniani, na hata askari wenye afya walikufa kambini. Wahutterite hawakubishana juu ya jina la ugonjwa. Waliuliza ni nani aliyewadhoofisha wakulima wenye nguvu hadi ugonjwa ukawakuta hivyo.

Mapema Desemba 1918, Wizara ya Vita iliamuru kwamba wafungwa wasifungwe tena kwa pingu kwenye nondo. David aliachiwa huru baada ya vifo hivyo. Jacob Wipf alisubiri hadi Aprili 1919. Wahutterite walio wengi hawakungoja zaidi. Waliuza mashamba yao wakahamia Kanada, na South Dakota ikapoteza baadhi ya wakulima wake hodari, ingawa miaka ya 1930 baadhi yao walirejea.

Hata hivyo serikali ilijifunza jambo. Sheria ya mwaka 1940 iliruhusu wanaopinga vita kufanya kazi za kiraia nje ya jeshi. Katika vita vya pili, wanaume wapatao 12,000, wakiwemo Wamennonite wengi, walipanda miti, walizima moto wa misitu na kuhudumia wagonjwa wa akili. Kazi kama hizo Joseph Hofer angezifanya bila kusita. Hakuna aliyempa nafasi hiyo.

Joseph na Michael wamelala katika makaburi ya Rockport, karibu na ardhi waliyoilima. Juu ya mawe ya makaburi yao limechongwa neno moja linalomaanisha mfiadini. Cheo cha jeshi hakikuandikwa.