Kushindwa katika Mchezo wa Kwanza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya mchezo wa kwanza wa msimu huu, ambao timu yetu ya kriketi ilishindwa vibaya. Hesabu yake mmekwisha iona katika ubao wa matangazo, wala hatuna haja ya kuisoma tena. Lililotusimamisha hapa ni shauri la baadhi ya ndugu zetu, ya kwamba tujitoe katika mashindano na kucheza sisi kwa sisi mpaka tutakapokuwa hodari. Shauri hilo latoka katika nia njema, lakini hatulikubali, nasi twapenda kuwakumbusha habari za watu waliopigwa kuliko sisi.

Mwezi wa Juni 1975 Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilichezwa mara ya kwanza, huko Uingereza. Afrika Mashariki ilipeleka timu moja, iliyochaguliwa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya kapteni Harilal Shah. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Wengi walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi. Uganda ilitoa Waafrika wawili, Samuel Walusimbi na John Nagenda, yule mwandishi wa vitabu.

Tarehe 7 walikutana na New Zealand katika kiwanja cha Edgbaston. Glenn Turner alishika gongo tangu mwanzo, na ova 60 zilipokwisha alikuwa angali amesimama, ana mikimbio 171. New Zealand ilipata 309 kwa wiketi 5. Nagenda, mtu wa miaka 37, alipata wiketi 1 kwa mikimbio 50. Afrika Mashariki ikajibu kwa 128 tu, wiketi 8 zimeanguka; yaani Turner peke yake aliwapita wote kwa mikimbio 43. Frasat Ali alipata 45 na Zulfiqar Ali 30. Kapteni mwenyewe hakupata kitu, na ndugu zetu waliotoka na sifuri Jumamosi iliyopita na wajifariji kwa hayo.

Wako wanaowasifu kwa kudumu ova zote 60 bila kutolewa wote. Sisi twaona sifa hiyo ina mpaka. Walihitaji zaidi ya mikimbio mitano katika kila ova, wakapata kama miwili. Hapo mtu hatafuti ushindi, ajihifadhi na aibu. Lakini wangalijizoeza wapi kupiga kwa ujasiri, ikiwa warushaji wa daraja ile hawakutani nao ila kwa nadra? Baadaye walishindwa na India, kisha na Uingereza, ambayo iliwatoa wote kwa 94. Hata hivyo walicheza michezo yao yote mitatu.

Tena, mwaka 1996, Kenya iliingia Kombe hilo kwa jina lake yenyewe. Tarehe 18 Februari, mjini Cuttack, ilianza kwa kushindwa na India, na baada ya hapo ikashindwa tena. Tarehe 29, mjini Pune, ilipata mikimbio 166, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Kapteni Maurice Odumbe alipata wiketi 3 kwa mikimbio 15. Hatusemi ya kwamba kushindwa ndiko kulikowafundisha, kwani wako wanaoshindwa miaka yote wasijifunze neno. Twasema tu kwamba kama wangalirudi kwao baada ya Cuttack, ya Pune yasingalikuwapo.

Kwa habari zetu wenyewe, mipira minne ilituponyoka mikononi, na wawili wetu walitolewa kwa kukimbia bila kuitana. Hayo hayatengenezwi kwa kujitoa. Twaomba mazoezi yawe Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, na mchezo ujao uchezwe kama ulivyopangwa. Karatasi ya majina iko kwa Mwandishi wa Chama. Mpaka jioni hii wamejiandikisha tisa.